Mikopo 24 ambayo si mikopo

SWALI: Mwanangu wa pili alifika hapa mwezi wa pili mwaka huu akiwa na miaka 16, na juzi ametimiza 17. Tunaishi kusini mwa Seattle, jimbo la Washington. Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, na huko alikuwa amemaliza mwaka wa tatu wa sekondari kwa mtaala wa Kongo. Walimweka darasa la 10. Mwezi wa sita kaunsela akaniambia ana krediti mbili na nusu tu, huenda asihitimu na wenzake, nifikirie ile GED, yaani cheti cha mtihani badala ya diploma. Sikuelewa, maana mtoto hajafeli mtihani wowote mkubwa. Sasa ameanza darasa la 11, na wilaya ya shule imenitumia ujumbe wa Kiswahili kwenye simu kwamba mwanangu "anahitaji mikopo 24". Wananialika kikao Jumanne saa 12 jioni kutoa maoni juu ya masharti ya kuhitimu, na wameweka dodoso la kupima jinsi wanavyoshirikisha jamii. Mimi naingia kazini ghalani saa 11 jioni. Je, mtoto atapata diploma? Na kikao hicho kina faida gani kwa mtu kama mimi?

JIBU: Mama, nianze na neno lililokunyima usingizi. Mwanao hadaiwi mkopo wowote, na hahitaji kukopa. Walichotaka kusema ni krediti, yaani kipimo cha somo ambalo mwanafunzi amelikamilisha. Mashine ya kutafsiri imelichota neno hilo benki badala ya shuleni. Nilikutana na kosa hilihili katika wilaya moja niliyowahi kuifanyia kazi. Barua ilikwenda kwa kila nyumba inayozungumza Kiswahili, na baba mmoja akaja ofisini na bahasha ya pesa, anataka aanze kulipa kidogokidogo. Barua hiyohiyo iliwakaribisha wazazi "wazungumze na ubao". Walimaanisha bodi. Sisi tulicheka, yule baba hakucheka, na alikuwa na haki yake. Habari ya kosa hilo nitairudia baadaye, kwa sababu inahusu sana swali lako la pili.

Kwanza kijana. Kule tulikosoma sisi, mambo yote husubiri mwisho. Kongo kuna Mtihani wa Serikali, Tanzania kuna Kidato cha Nne, Kenya kuna KCSE. Mtu anaweza kulegea miaka mitatu, akashtuka mwaka wa mwisho, akakesha na kibatari na akapita. Washington hakuna mtihani wa namna hiyo. Kila somo, kila semesta, kwa kawaida lina nusu krediti yake. Ukilipita, nusu hiyo ni yako. Ukilifeli, haipo, hata kama mwakani utakuwa wa kwanza darasani. Ndiyo maana mwanao hajafeli mtihani wowote mkubwa na bado anaambiwa yuko nyuma. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha huku ni krediti 24.

Zamani jimbo lilidai 20. Hizi 24 zilianza na wahitimu wa mwaka 2019, na wilaya zilizoomba muda zaidi ziliruhusiwa kusubiri mpaka 2021. Mgawanyo wake ni huu: Kiingereza 4, hesabu 3, sayansi 3, masomo ya jamii 3, afya na michezo 2, somo la ufundi au la kazi 1, sanaa 2, lugha nyingine 2, na masomo ya hiari 4. Kumi na saba kati ya hizo hazina mjadala. Saba zilizobaki, yaani sanaa moja, zile lugha mbili na za hiari nne, zina ulegevu kidogo, na humo ndimo mwanao atakapopatia nafasi.

Sasa angalia hesabu ambayo shule nyingi hazikuambii waziwazi. Shule nyingi za sekondari zina vipindi sita kwa siku. Vipindi sita kwa mwaka ni krediti 6, na kwa miaka minne ni 24. Nguo imekatwa sawasawa na mwili, haina hata upindo. Mtoto aliyezaliwa hapahapa akifeli somo moja tu, tayari anadaiwa somo la kiangazi. Sembuse aliyeingia katikati ya darasa la 10, na Kiingereza chenyewe anakisikia kwa mara ya kwanza asubuhi mpaka jioni.

Za kwake tuzihesabu pamoja. Mbili na nusu maana yake alipita masomo matano kati ya sita ndani ya semesta moja, kwa lugha aliyokuwa hajaizoea. Usiipokee kama habari mbaya. Mpe hongera yake. Habari mbaya ni kwamba nyuma ya hizo mbili na nusu naona pana sifuri. Mwaka wake wa Nyarugusu uko wapi? Miaka miwili ya kwanza ya sekondari ya Kongo inalingana na darasa la 7 na la 8 la huku, kwa hiyo usitegemee kitu kikubwa hapo. Lakini mwaka wa tatu ni sawa na darasa la 9, na darasa la 9 lina krediti zake. Hesabu aliyosoma kule ni hesabu, biolojia ni biolojia, historia na jiografia ni masomo ya jamii. Wilaya ndiyo inayoamua itambue kiasi gani, na huamua kwa kutazama karatasi. Karatasi hizo za Kifaransa nashuku hakuna aliyeziomba, na wewe hukujua kwamba zina thamani. Tufanye wamekubali krediti 5. Inaweza kuwa zaidi, inaweza kuwa pungufu.

Halafu kuna Kiswahili. Hili ndilo jambo ambalo nimelihubiri mpaka watoto wangu wamelichoka. Washington inampa mwanafunzi krediti za lugha kwa kuonyesha kwamba anaijua, bila kukaa darasani hata siku moja. Anafanya mtihani wa kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza. Akifika kiwango cha chini anapata krediti moja, na kadiri anavyopanda ndivyo zinavyoongezeka, mpaka 4 kwa anayefika katikati ya ngazi ya kati. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazopimwa. Mtoto aliyelelewa Nyarugusu, katikati ya Watanzania na Wakongo, kuzungumza hakumpi shida. Kinachowaangusha wengi ni kuandika, kwa sababu Kiswahili chao ni cha mdomoni: nusu cha Fizi kule Kongo, nusu cha Kigoma, na Kifaransa kimetiwa kama chumvi. Kwa mwezi mmoja asome habari za Kiswahili sanifu kwa sauti kila siku, na kila wiki aandike ukurasa mmoja wa barua kwa bibi yake. Si mzaha; barua kwa bibi ni zoezi zuri kuliko vitabu vingi vya mazoezi. Akipata krediti 4, mbili zinafunika sharti la lugha na mbili zinaingia kwenye masomo ya hiari. Na akitimiza pia sharti la Kiingereza, diploma yake inabandikwa Muhuri wa Lugha Mbili, ambao Washington iliuanzisha mwaka 2014.

Jumlisha: 2.5, ongeza 5, ongeza 4. Ni 11.5. Amebakiza 12.5, na miaka miwili kamili ya vipindi sita inatoa 12. Nusu krediti ndiyo iliyomshinda, na nusu krediti ni somo moja la kiangazi. Hapo bado hatujagusa ruhusa nyingine: sheria inairuhusu wilaya kumsamehe mwanafunzi mpaka krediti 2 kutoka katika zile saba zenye ulegevu, kwa kutazama hali yake binafsi. Kuhama bara katikati ya sekondari kama si hali binafsi, basi hakuna iliyo hali binafsi. Ila msamaha huo hautolewi kwa mtu aliyenyamaza. Kuna fomu au barua, na kila wilaya ina utaratibu wake. Uliza mapema, si mwezi wa tano wa mwaka wa mwisho.

Kwa hiyo jibu fupi la swali la kwanza ni ndiyo, inawezekana, tena na wenzake. Lakini usishangilie kabla sijakuonyesha penye jiwe.

Jiwe ni Kiingereza. Krediti 4 za Kiingereza zimo katika zile 17 zisizo na mjadala, na mwanao amebakiza miaka miwili tu ya shule. Uliza swali moja na usiondoke bila jibu: lile darasa la Kiingereza kwa wanaojifunza lugha, linahesabiwa kuwa krediti ya Kiingereza au somo la hiari? Wilaya hutofautiana, na tofauti hiyo peke yake inaweza kumla mtoto mwaka mzima. Nimeona msichana aliyepita madarasa manne ya namna hiyo kwa alama nzuri, akafika mwaka wa mwisho na kugundua yote yamewekwa kwenye hiari, na hiari zake zilikuwa zimeshajaa na kufurika. Uliza pia kama masomo ya lugha na fasihi aliyosoma kwa Kifaransa yanaweza kuingia upande wa Kiingereza pale wanapotathmini karatasi zake. Wakisema hapana, basi anahitaji vipindi viwili vya Kiingereza kwa mwaka, na hilo lipangwe sasa, sio baadaye.

Mambo mengine ni mepesi zaidi. Historia ya Jimbo la Washington ni sharti, lakini mkuu wa shule anaweza kumwondolea mwanafunzi wa darasa la 11 au 12 ambaye hakuisoma kwa sababu alikuwa akiishi nje ya jimbo. Krediti ya tatu ya hesabu si lazima iwe ile ngumu inayoelekea uhandisi; huchaguliwa kulingana na mpango wa mtoto wa baada ya shule, na wewe mzazi una sauti katika kuichagua. Wakikuletea karatasi ya sahihi kuhusu hesabu, usitie sahihi kwa heshima tu. Uliza inafunga mlango gani.

Mbali na krediti, tangu wahitimu wa mwaka 2020 kuna sharti la njia ya kuhitimu: mwanafunzi aonyeshe, kwa njia mojawapo kati ya kadhaa, kwamba yuko tayari kwa chuo au kazi. Wengi hutumia mtihani wa jimbo wa Kiingereza na hesabu. Kwa mgeni wa lugha, hiyo mara nyingi ndiyo njia yenye miiba mingi kuliko zote. Ipo njia ya masomo ya ufundi, krediti mbili zinazofuatana katika fani moja: uuguzi msaidizi, magari, kompyuta, mapishi, hutegemea shule ina nini. Mwaka 2023 waliongeza pia njia ya kuonyesha ujuzi kwa kazi au mradi uliofanyika. Mwanao akianza ufundi mwaka huu, anatimiza ile krediti ya lazima ya ufundi na anaitembea njia yenyewe kwa wakati mmoja. Kama amewahi kushika spana kambini, kaunsela anapaswa kuambiwa hivyo.

Kuhusu GED sitaki kuwa mkali kwa kaunsela wako. Kaunsela mmoja huku anaweza kubeba mamia ya wanafunzi, na aliona tarakimu mbili na nusu, akaona umri, akasema lililomjia. GED ni cheti halali na kuna watu kimewafaa. Lakini kwa kijana wa miaka 17 mwenye hesabu kama hii niliyoiandika hapo juu, kumpeleka huko sasa ni kumtoa mbio kabla ya kengele. Anayo haki ya kuendelea na sekondari ya umma mradi hajafikisha 21 mwaka wa shule unapoanza. Akihitaji mwaka wa tano, atamaliza akiwa na 19. Shule hupimwa kwanza kwa idadi ya wanaomaliza ndani ya miaka minne, kwa hiyo utasikia minong'ono kwamba mwaka wa tano ni aibu. Diploma ya mwaka wa tano haina alama yoyote ya kuitofautisha na nyingine.

Sasa kikao.

Utaona kwamba kila nilichokuandikia hapo juu kimo ndani ya sheria au kanuni: mtihani wa Kiswahili, msamaha wa krediti mbili, kutambuliwa kwa masomo ya nje, njia ya ufundi. Hakuna hata kimoja nilichokibuni. Na hakuna hata kimoja kilichokufikia, ila ujumbe wa mikopo. Basi hapo ndipo ninapopima mimi kama wilaya inashirikisha jamii. Idadi ya watu waliokaa ukumbini hainiambii kitu. Nataka kujua mama aliyefika mwezi wa pili alipata habari hizi lini, kwa lugha gani, na alipouliza kulibadilika nini.

Nayasema haya kama mtu aliyewahi kuandika ripoti za upande wa pili. Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuhesabu: wazazi 140 walihudhuria, dodoso 300 zilirudi, chakula kilitosha. Ripoti ilipokelewa na watu wakapongezana. Katika kikao kimojawapo nilikaa karibu na msichana wa miaka 11 aliyekuwa akimtafsiria mama yake habari za kaka yake. Mwalimu alisema kijana anafeli masomo matatu. Msichana akageuka akasema, "Anaendelea vizuri, ila aongeze bidii." Mama akatabasamu, akamshukuru mwalimu. Mwalimu akatabasamu. Nilimhesabu yule mama katika wale 140. Tangu siku ile sijaweza kuiamini namba ya mahudhurio.

Sheria ya shirikisho iko upande wako zaidi kuliko wanavyokueleza. Wilaya inayopokea fedha za serikali kuu kwa ajili ya watoto wa familia zenye kipato kidogo, fungu linaloitwa Title I, inatakiwa na sheria ya elimu ya mwaka 2015 iwe na sera ya kuwashirikisha wazazi, iliyotungwa pamoja na wazazi. Kila mwaka inatakiwa kuitathmini sera hiyo, tena pamoja na wazazi, na kutafuta vikwazo vinavyowazuia watu kushiriki. Sheria inawataja waziwazi wazazi wasiojua Kiingereza vizuri, wasiosoma sana, wenye ulemavu, wenye kipato kidogo na wa makabila ya wachache. Matokeo ya tathmini yanatakiwa yatumike kurekebisha sera. Hayapaswi kuishia kabatini. Wilaya inayopata zaidi ya dola 500,000 za fungu hilo lazima itenge angalau asilimia 1 kwa kazi ya kuwashirikisha wazazi, na sehemu kubwa ya pesa hiyo, angalau asilimia 90, iende mashuleni. Wazazi wana haki ya kuhusishwa katika kuamua itumikeje. Dodoso ulilotumiwa huenda ni kipande cha tathmini hiyo.

Kwa hiyo ule ujumbe wa "mikopo 24" usiufute. Upige picha. Ni ushahidi wa kikwazo cha lugha, ulioandikwa na wao wenyewe, ulioletwa pamoja na dodoso la kuuliza kama kuna vikwazo vya lugha. Ningekuwa bado mtathmini ningelipa pesa kupata ushahidi safi namna hiyo.

Haki ya mkalimani nayo si hisani. Inatokana na Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964, inayokataza ubaguzi wa asili ya taifa katika shule zinazopokea fedha za serikali kuu, na jimbo la Washington mwaka 2022 lilipitisha sheria yake ya kuzitaka wilaya ziwe na mpango wa kweli wa huduma za lugha. Mkalimani ni bure kwako. Asiwe mwanao, asiwe mtoto wa jirani. Omba siku chache kabla, useme "Kiswahili" na useme pia Kiswahili cha Kongo, kwa sababu mkalimani wa Nairobi na mama wa Fizi wanaweza kupishana hapa na pale, hasa mambo ya shule yanapotajwa kwa Kifaransa.

Jambo moja ni gumu zaidi kwetu, nalo haliko kwenye sheria yoyote. Sisi tumelelewa kwamba shule ina wenyewe. Kongo kamati ya wazazi mara nyingi huitwa pesa zinapohusika. Tanzania mzazi anaitwa mtoto akiharibu. Ukiwa hujaitwa, mambo ni shwari. Kukaa kimya mbele ya mwalimu ni adabu. Huku kimya chako kinasomwa vingine: ama umeridhika, ama hujali. Nimekaa katika vyumba ambamo mtu alisema, bila ubaya moyoni, "Jamii ya Waswahili haina malalamiko, hawajawahi kuandika kitu." Na neno bodi ya shule lisikudanganye. Huku ni watu waliochaguliwa kwa kura, mara nyingi watano, wanaopitisha bajeti na kumwajiri mkuu wa wilaya ya shule. Wanaweza kuongeza masharti juu ya yale 24 ya jimbo. Wanaweza pia kuamua shule iwe na vipindi saba kwa siku badala ya sita, na vipindi saba ni krediti 28 kwa miaka minne: kijana anapata upindo wa krediti 4. Kwa maoni yangu hilo pekee lina uzito kuliko mabango yote ya "Karibuni" yanayobandikwa milangoni kwa lugha kumi. Lina gharama, linahitaji walimu zaidi, na ndiyo maana linahitaji wazazi wa kulidai. Ajenda hutakiwa kuwekwa mtandaoni angalau saa 24 kabla ya mkutano wa kawaida wa bodi. Mtoto akusomee, uone kama ratiba ya vipindi imetajwa.

Huwezi kupiga kura mpaka uwe raia, lakini kusema mbele ya bodi hakudai uraia. Tangu 2022 sheria ya jimbo inaitaka bodi ipokee maoni ya watu, kwa mdomo au kwa maandishi, katika mikutano ya kawaida inayofanya uamuzi wa mwisho. Na wewe uko kazini saa hizo, kwa hiyo maandishi ndiyo yatakayokwenda badala yako. Usiache zamu kwa ajili ya kikao cha Jumanne. Kwenye dodoso, mahali pa maoni, andika kwa Kiswahili chako mwenyewe, wao ndio watafute mfasiri. Andika kwamba saa 12 jioni wafanyakazi wa maghala wako kazini, na kwamba unaomba kikao cha asubuhi au cha Jumamosi. Andika kwamba ujumbe wao ulikuambia mtoto anahitaji mikopo. Halafu uliza maswali yenye tarakimu: mwaka jana wanafunzi wangapi waliotoka nje ya nchi walitambuliwa krediti za masomo yao ya nyuma? Wangapi wanaozungumza Kiswahili walifanya mtihani wa lugha, na waliambiwa wakiwa darasa la ngapi? Wangapi waliomba msamaha wa krediti mbili, na wangapi walikubaliwa? Wilaya isiyo na majibu ya maswali hayo haijajitathmini, hata iwe na ripoti yenye picha za rangi.

Baada ya miezi miwili au mitatu, omba matokeo ya dodoso. Sheria ya kumbukumbu za umma inakuruhusu kuomba kwa barua pepe ya mistari miwili, na ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 5 za kazi, hata kama ni kukuambia watahitaji muda gani. Kama unao wanawake wenzako kanisani wenye watoto wa sekondari, andikeni pamoja. Barua moja yenye majina manane ina nguvu ambayo barua nane zenye jina mojamoja hazina. Sijui kwa nini, lakini nimeliona mara nyingi.

Na kabla ya hayo yote, kabla ya Jumanne, omba miadi na kaunsela asubuhi ukitoka kazini, pamoja na kijana na mkalimani. Upangaji wa masomo ya mwaka ujao hufanyika mapema kuliko unavyodhani, mara nyingi baada ya sikukuu za Desemba. Beba ripoti zote za Nyarugusu, zile zenye mhuri, hata zilizochanika. Kama moja imepotea, chukua za mwaka wa kabla yake na uulize kama anaweza kupimwa hesabu ili apewe krediti kwa alichonacho kichwani. Na usizitie plastiki za kugandisha. Watu wetu hupenda kuzihifadhi hivyo, halafu mhuri ukimetameta kwenye mashine, ofisi inasema haisomeki.